Saumu na Sindano: Vijana Wetu Wenye Kisukari Katika Mwezi wa Ramadhani

Mwaka 2016 Ramadhani iliingia mwezi wa Juni, siku zilipokuwa ndefu kuliko zote za mwaka. Hapa Takoma Park tulikuwa tukinuia saumu kiasi cha saa 10 alfajiri, na adhana ya magharibi tukiingoja hadi saa 2 na nusu usiku imekwisha kupita. Ni saa 16 na zaidi bila tonge wala tone la maji. Wale tuliokulia Unguja, Mombasa, Tanga au Lamu, ambako saumu ni saa 13 na kitu mwaka mzima, tulikuwa tukitaniana kwamba huku Marekani hata mwezi mtukufu unafanya kazi ya ziada.

Jioni moja katika mwezi huo tulikuwa na futari ya pamoja katika ukumbi mdogo wa jengo la ghorofa. Kina mama walileta mihogo ya nazi, mbaazi, sambusa na kaimati. Miongoni mwetu alikuwamo kijana wa miaka 15, mtoto wa watu tunaofahamiana nao sana. Zikiwa zimebaki dakika 20 hivi kabla ya adhana, mmoja wetu aliona kwamba kijana yule anatoka jasho ilhali ukumbi ulikuwa na kiyoyozi, mikono inamtetemeka, na akisemeshwa anajibu mambo mengine. Mama yake akasema, "Amechoka na saumu tu, mwacheni." Lakini macho ya mama hayakuwa ya mtu anayeamini maneno yake mwenyewe.

Bibi mmoja wa Kipemba aliyekuwa ameketi karibu ndiye aliyeinuka. Alimwaga sharubati ya ukwaju katika kikombe na kumwekea mdomoni. Kijana alikataa, akanong'ona, "Bibi, bado adhana." Bibi akamjibu, "Mwanangu, Mungu si dhalimu. Kunywa." Akanywa. Baada ya robo saa alikuwa amerudi katika hali yake, na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kwamba ana kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 9. Miaka 6 tulikuwa tukila naye, tukiswali naye, na hatukujua. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alisema hakutaka kuitwa kobe.

Wasomaji wa Unguja na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa neno hilo. Kobe ni yule anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha, anayeingiza kichwa ndani ya gamba watu wakipita. Ni neno la mzaha, lakini mzaha huu umewahi kumfanya mtoto mgonjwa apendelee kuanguka kuliko kuonekana na kikombe. Makala hii tumeiandika kwa sababu ya jioni ile. Tunataka kueleza saumu na kisukari vimekutana vipi katika historia, wanavyuoni na madaktari wamesema nini, na sisi wa ughaibuni tuna wajibu gani.

Mji uliojengwa juu ya dini na chakula

Si vibaya kuanza na mahali tunapoishi. Takoma Park ilianzishwa mwaka 1883 na Benjamin Franklin Gilbert kando ya reli, kiasi cha kilomita 10 kutoka Ikulu ya Marekani, na ikapata hadhi ya mji mwaka 1890. Kuanzia mwaka 1903 Wasabato walihamishia makao yao makuu ya dunia katika eneo hili wakitokea Battle Creek, Michigan, na yakabaki hapa hadi mwaka 1989 yalipohamia Silver Spring. Hao ni Wasabato wale wale ambao wamisionari wao walifika Upare mwaka 1903 na Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Kwa hiyo Mpare au Mjaluo anayepita Carroll Avenue leo anapita katika mji ambao barua nyingi zilizoyahusu makanisa ya kwao zilipitia.

Wasabato walikuja na fundisho kwamba mwili ni amana, na kwamba anachokula mtu ni sehemu ya dini yake. Mwaka 1907 walifungua hapa hospitali yao, Washington Sanitarium, ambako wagonjwa walitibiwa kwa maji, mazoezi, hewa safi na chakula kisicho na nyama. Hospitali hiyo ilikua, ikabadilishwa jina mara kadhaa, na ikawahudumia watu wa dini zote hadi ilipohamia White Oak mwezi Agosti 2019. Baadhi ya watoto wa jamii yetu walizaliwa humo.

Mji huu pia umezoea wageni. Mwaka 1985 ulijitangaza kuwa mahali pa hifadhi kwa wakimbizi, na tangu mwaka 1992 hata asiye raia wa Marekani anaweza kupiga kura katika uchaguzi wa mji. Waswahili waliokuja Washington kusoma, kufanya kazi katika balozi, au katika Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika iliyoanza mwaka 1962, walipata vyumba vya bei nafuu upande huu wa Maryland, jirani na Wahabeshi na Wasalvador. Swala ya Ijumaa wengine waliifuata Massachusetts Avenue, katika msikiti wa Islamic Center uliofunguliwa rasmi mwaka 1957, na wengine New Hampshire Avenue upande wa Silver Spring. Watoto wetu wamekulia hapo. Na kama watoto wengine wote, baadhi yao wamepatwa na maradhi ambayo bibi zao hawakuwahi kuyasikia yakiwapata watoto.

Kufunga kulipokuwa dawa

Jambo linaloshangaza katika historia ya kisukari cha watoto ni kwamba, kabla ya mwaka 1922, kufunga ndiko kulikokuwa dawa.

Katika kisukari cha aina ya kwanza kongosho huacha kutengeneza insulini. Bila insulini sukari haiingii katika chembe za mwili. Hujaa katika damu, mgonjwa akawa anakojoa mno, anasikia kiu isiyokwisha, anakonda mbele ya macho ya wazazi wake, na mwisho damu hujaa tindikali akazimia na kufa. Kwa mtoto safari hiyo ilikuwa fupi. Wachache walifika mwaka wa pili au wa tatu.

Daktari Frederick Allen, aliyefanya utafiti wake katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, aliona kwamba mgonjwa aliyenyimwa chakula huishi muda mrefu zaidi kuliko anayekula. Basi akafanya njaa kuwa matibabu. Mgonjwa alifungishwa siku kadhaa mpaka sukari iishe katika mkojo, kisha akarudishiwa chakula kidogo sana, mboga zilizochemshwa mara kadhaa, yai, kipande cha nyama. Sukari ikionekana tena, anafungishwa tena. Wapo waliokufa kwa kisukari na wapo waliokufa kwa njaa yenyewe, na Allen alilijua hilo. Lakini hakuwa na kingine cha kuwapa.

Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa Elizabeth Hughes. Aligunduliwa na kisukari mwaka 1919, akiwa na miaka 11. Baba yake, Charles Evans Hughes, alikuwa amegombea urais wa Marekani mwaka 1916, na mwaka 1921 akawa Waziri wa Mambo ya Nje, ndipo familia ikahamia Washington. Fikirieni nyumba hiyo: waziri anapokea mabalozi na karamu, na binti yake anapimiwa chakula kwa gramu. Alipoanza matibabu alikuwa na uzito wa kilo 34 hivi. Ilipofika Agosti 1922, akikaribia kutimiza miaka 15, alikuwa na kilo 20 tu.

Wakati huo mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walikuwa wamefanikiwa kutoa dawa katika kongosho la mbwa mwaka 1921, wakifanya kazi katika maabara ya J.J.R. Macleod. Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kudungwa. Dawa ile ya kwanza haikuwa safi na haikumsaidia. Mkemia James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari Leonard akadungwa tena. Safari hii sukari ikashuka. Mwaka uliofuata Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel, na hataza ya insulini ikauzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mmoja wa waliosajiliwa, kwa kuwa Banting hakutaka jina lake liwemo katika hataza ya dawa.

Elizabeth alipelekwa Toronto Agosti 1922 na kuanza sindano. Ndani ya wiki chache alikuwa anakula mkate mweupe, kitu ambacho hakukigusa kwa zaidi ya miaka mitatu. Alirudi nyumbani, akasoma, akaolewa, akazaa watoto watatu, na akafa mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Inakadiriwa kwamba alijidunga zaidi ya sindano 40,000.

Habari yake tunaipenda kwa sababu nyingine pia. Mwanamke huyu, mmoja wa watu wa kwanza duniani kuokolewa na insulini, aliuficha ugonjwa wake karibu maisha yake yote. Watu waliofanya kazi naye miaka mingi hawakujua. Alikuwa binti wa waziri, aliyezungukwa na madaktari bora, na bado aliona aibu. Basi tusimshangae kijana wetu wa miaka 15.

Sindano na saumu

Insulini ilipoenea, swali liligeuka. Zamani daktari alimfungisha mgonjwa ili aishi. Sasa mgonjwa wa Kiislamu aliye hai kwa insulini aliuliza: je, nami naweza kufunga kama wenzangu? Na sindano yangu, je, inabatilisha saumu?

Asili ya jibu imo katika Qurani yenyewe. Sura ya Al-Baqara, aya za 183 hadi 185, inapofaradhisha saumu, hapo hapo inamtoa mgonjwa na msafiri na kuwapa siku nyingine za kulipa, na inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu anawatakia waja wake wepesi na hawatakii uzito. Wasomaji wanaotumia tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, wanaweza kuifungua na kusoma maelezo yake. Ruhusa haikuja baadaye kama huruma ya madaktari. Imefaradhishwa pamoja na saumu, katika aya zile zile.

Suala la sindano liliwashughulisha wanavyuoni kwa muda mrefu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah lililitolea uamuzi katika kikao chake cha 10 mwaka 1997: sindano ya matibabu, iwe ya ngozi, ya msuli au ya mshipa, haibatilishi saumu, isipokuwa ile inayoingiza lishe. Kutoa damu kwa ajili ya kupima nako hakubatilishi. Kwa maneno mengine, kijana anaweza kujitoboa kidole mara 10 kwa siku na kujidunga insulini mchana, na saumu yake ikabaki salama.

Tunalirudia jambo hili kwa makusudi, maana katika jamii yetu bado wapo wanaoamini kinyume chake, na imani hiyo ni hatari kuliko njaa. Mtu asiyekula bado anahitaji insulini. Ini lake linaendelea kutoa sukari katika damu, usiku na mchana. Kijana anayesema, "Leo sili, basi na sindano siipigi," anaweza kufika magharibi sukari iko juu, ketoni zimejaa, anatapika, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hiyo ndiyo hali iliyowaua watoto kabla ya mwaka 1922.

Mwaka 2009, mjini Sharjah, baraza lile lile lilitoa uamuzi juu ya kisukari na saumu kwa kushirikiana na madaktari. Liliwagawa wagonjwa katika makundi manne kwa kadiri ya hatari. Wenye kisukari cha aina ya kwanza waliwekwa katika kundi la kwanza, lile la hatari kubwa zaidi, ambalo hukumu yake ni kutofunga ili mtu asijidhuru. Yaani kwa mtu wa kundi hilo, kula si udhaifu wa imani. Ni kutii.

Takwimu, na wale wasiohesabiwa

Pamoja na hayo yote, watu wanafunga. Mwaka 2001 ulifanyika utafiti mkubwa uitwao EPIDIAR, katika nchi 13 kuanzia Morocco hadi Indonesia, kwa wagonjwa zaidi ya 12,000, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004. Ulionyesha kwamba katika wenye kisukari cha aina ya kwanza, asilimia 43 hivi walifunga angalau siku 15 za Ramadhani. Katika kundi hilo, matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka kutoka 3 hadi 14 kwa kila watu 100 kwa mwezi. Matukio ya sukari kupanda vibaya nayo yaliongezeka, kutoka 5 hadi 17. Baada ya hapo Jumuiya ya Kisukari ya Marekani ilitoa mwongozo wake wa Ramadhani mwaka 2005, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likatoa wake mwaka 2016 na kuurekebisha mwaka 2021.

Katika nchi zile 13 haikuwamo hata moja ya Afrika Mashariki. Kwetu hesabu zenyewe zimekuwa chache. Profesa Andrew Swai, Dokta Donald McLarty na wenzao wa Dar es Salaam waliandika wagonjwa wapya vijana kwa miaka 10, kuanzia 1982 hadi 1991, na wakapata kiasi cha 1.5 kwa kila vijana 100,000 kwa mwaka. Finland wakati huo ilikuwa na zaidi ya 30. Tofauti hiyo kubwa ina sababu za kimaumbile, lakini pia wapo watoto wanaokufa kabla ya kupimwa, maana dalili za tindikali katika damu, yaani kutapika, kupumua kwa kasi na kuzimia, hufanana na za malaria kali. Mpango wa kuwapa watoto insulini bure ulioitwa Changing Diabetes in Children ulipoanza mwaka 2009, Tanzania, Uganda na Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Kabla ya hapo mzazi wa kawaida alijitafutia chupa ya insulini mwenyewe, na akiipata, aliihifadhi katika mtungi wa maji kwa kukosa friji.

Hii ndiyo sababu wazee wetu wengi wanaijua sukari kama ugonjwa wa watu wazima, wa mzee anayenyimwa chai tamu. Wakiambiwa mtoto ana sukari wanauliza mama alimlisha nini. Hakumlisha kitu. Aina ya kwanza haiji kwa ulaji wala kwa unene. Ni kinga ya mwili inayoligeukia kongosho la mtoto mwenyewe. Lawama hiyo kwa mama ni sehemu ya ile aibu inayofanya nyumba nzima inyamaze.

Futari yetu na karatasi za kliniki

Tuseme ukweli kuhusu vijana. Wengi hawafungi kwa kulazimishwa. Wanafunga kwa sababu rafiki zao wanafunga, kwa sababu daku ni furaha, kwa sababu huku ugenini Ramadhani ni mwezi mmoja ambao mtoto anajisikia yeye ni wa watu fulani. Mtoto wa Unguja asiyefunga bado amezungukwa na adhana na harufu ya futari barazani. Mtoto wa Takoma Park asiyefunga anabaki shuleni katika chumba cha chakula na pizza yake, kama siku nyingine yoyote. Kumwambia "wewe umesamehewa" bila kumpa kitu kingine ni sawa na kumtoa mlangoni.

Kwa hiyo madaktari wa vijana nao wamejifunza kutosema "usifunge" tu na kufunga faili. Miongozo ya sasa inataka familia ifike kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, si siku ya mwandamo. Daktari aangalie kama kijana amewahi kuanguka miezi ya karibuni, kama anatambua dalili za sukari kushuka, na kama anapima damu kwa uaminifu. Akionekana yuko katika hatari, aambiwe wazi asifunge, na ikiwezekana imamu awepo au aulizwe. Yule ambaye pamoja na yote ameamua kujaribu, asiachwe peke yake. Kipimo cha insulini kibadilishwe, apime mara nyingi mchana, na ajue mipaka miwili. Sukari ikishuka chini ya 70 kwa kipimo cha Marekani, yaani 3.9 kwa kipimo cha nyumbani na cha Uingereza, anafungua papo hapo. Ikipanda zaidi ya 300, yaani 16.6, anafungua papo hapo. Papo hapo maana yake ni hata kama zimebaki dakika 5 kabla ya adhana. Dakika kama hizo ndizo zilizokuwa zimuue kijana wetu.

Teknolojia imesaidia. Vifaa vidogo vinavyobandikwa mkononi au tumboni na kusoma sukari mfululizo vimeenea hapa Marekani tangu miaka ya 2017 na 2018, na mama anaweza kuona katika simu yake sukari ya mwanawe aliye darasani. Lakini kifaa hakijui kaimati ni nini. Karatasi za kliniki zinaorodhesha wanga uliomo katika mkate wa sandwichi na viazi vya kukaanga. Haziorodheshi mihogo ya nazi, magimbi, ndizi mbivu, tambi za sukari wala mkate wa kumimina. Kijana anatoka katika njaa ya saa 14 anaingia katika sinia la wanga na shira, anakisia sindano, na saa 4 za usiku sukari iko juu mno au chini mno. Hapa hakuna daktari wa Maryland atakayetusaidia kama hatukuanza sisi. Kina mama wanaojua kupika wakae na mtaalamu wa lishe, wapime kwa mizani kipande kimoja cha kila kitu, waandike. Ni kazi ya Jumamosi mbili.

Shuleni nako kuna njia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973, katika kifungu chake cha 504, inampa mwanafunzi mwenye kisukari haki ya kuandikiwa mpango wa kumlinda. Mzazi aombe Ramadhani itajwe katika mpango huo, ili muuguzi wa shule ajue kwamba mtoto anayekataa juisi mwezi huo huenda anatetemeka kwa sababu ya sukari na anaona aibu kusema.

Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba, na hapa saumu itakuwa ya saa 11 na nusu hivi. Baadhi ya vijana, kwa idhini ya daktari na ushauri wa mwanachuoni, wanaweza kujaribu siku chache fupi kama hizo, au kulipa kadha wakati wa baridi. Wengine hawataweza kamwe, na kwao ipo fidia, kumlisha masikini mmoja kwa kila siku.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tungeongeza kwamba mara nyingi mgonjwa hafichi peke yake. Tunamsaidia kuficha, kwa mizaha yetu na kwa maswali yetu.

Kijana yule hakufunga Ramadhani ya mwaka 2017. Baba yake alilisema hilo mwenyewe mbele ya watu katika futari ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetangaza mahali pa kuegesha magari. Kisha bibi wa Kipemba akaja na pendekezo. Fidia ya siku 30 isitumwe kwa pesa kama tulivyozoea, ipikwe hapa hapa, na mwenye fidia aipeleke mwenyewe. Kila alasiri, saa moja kabla ya magharibi, kijana alichukua chakula kimoja kilichofungwa vizuri na kukipeleka kwa mtu mwenye shida katika mitaa yetu, Mhabeshi leo, Msalvador kesho. Alirudi kabla ya adhana, akapima sukari yake mezani mbele ya wote, akaketi.

Watoto wadogo walimzunguka kutaka kuona namba. Hakuna aliyesema kobe.